Mstari wa Kinywa

Kwenye chuo cha uuguzi nilikosomea, kinywa cha mgonjwa kilifundishwa mchana mmoja tu, baada ya chakula, nusu ya darasa ikisinzia. Mwalimu alisema maneno machache juu ya ulimi na ufizi, akafunga daftari lake, akaongeza akicheka kwamba kazi hiyo hatutaifanya sana kwa sababu ni kazi ya famille, jamaa wa mgonjwa. Nasi tukacheka. Alisema kweli. Hapa Goma mgonjwa haji hospitalini peke yake. Anakuja na garde-malade wake, awe mama, dada au mke, anayelala chini kando ya kitanda juu ya kitenge, anayemwosha, anayemlisha, anayefua mashuka uani na kumsugua meno asubuhi. Sisi tulichoma sindano, tukaandika, tukapita. Nilifanya kazi miaka tisa bila kutazama ndani ya kinywa cha mtu mzima zaidi ya kumtumbukizia kidonge.

Korona ilipokuja, familia zikafungiwa nje. Tulipewa pavilioni, yaani wodi, iliyokuwa ya watoto, yenye bata wa njano waliochorwa ukutani, wagonjwa wakalala humo na oksijeni puani, bila mtu wao. Sasa oksijeni hukausha. Siku ya tatu midomo inapasuka, siku ya nne ulimi unashika utando mgumu, na uchafu ule haukai pale ulipo, unateremka kifuani ambako ugonjwa tayari unakula. Nani aoshe? Si kazi ya daktari, si kazi ya mfagizi, na famille iko nje ya geti. Nilikasirika. Nilimwendea titulere, ndiye mkuu wa wauguzi wa pavilioni, akanitazama juu ya barakoa yake kama mtu aliyeombwa gari.

"Madame, unataka kuongeza kazi kwa nani?"

Kwangu mimi, nilimwambia. Nikachukua rula na kalamu nyekundu, na chini ya kila fishi, ile karatasi ya mgonjwa inayoning'inia kitandani, nikachora mstari mpya: kinywa, asubuhi, mchana, jioni. Anayeosha anaweka alama kwenye chumba chake, kile kisanduku kidogo cha saa hiyo, na herufi mbili za jina lake. Nilichora fishi moja moja kwa mkono hadi titulere akachoka kuniona, akaagiza zichapishwe hivyo. Nilijivunia ule mstari. Sikuwahi kuongeza kitu chochote katika hospitali ile, na huo ulikuwa wangu.

Rafiki yangu aliupokea kwa kicheko. Alianza kuniita Madame Bikaboneti, kwa sababu ya ile chumvi nyeupe niliyokoroga kwenye maji yaliyochemshwa ili kuoshea vinywa. Tulisoma naye chuo kimoja, tulikula sahani moja, mimi na yeye tulipokezana pavilioni ile. Alikuwa mcheshi kiasi kwamba wagonjwa walimtambua kwa sauti kabla ya kumwona. Na tulikuwa na desturi yetu, ambayo si yetu peke yetu, wauguzi wote wa mji huu wanaijua: kusainiana. Mvua imenyesha, pikipiki zimepotea, mtoto ametapika alfajiri, basi mwenzako anaandika herufi zako kwenye daftari la kuingia kazini, nawe ukifika unamwambia aksanti na mambo yanaisha. Alinisainia mara nyingi. Nilimsainia zaidi. Hatukuwahi kuiona kuwa dhambi, tuliiona kuwa urafiki.

Kisha akaletwa muzee.

Nilimjua. Watu wengi wa rika langu walimjua, alikuwa na duka la vitenge mtaani Birere, mtu wa asili ya Maniema, ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, na kofia yake haikuwahi kukaa upande. Sisi ni Wakatoliki wa upande wa Bukavu, lakini kitambaa cha komunyo yangu ya kwanza mama yangu alikinunua kwake, na muzee alikipima akazidisha kipande kwa ajili ya utepe wa nywele. Sasa alikuwa amelala chini ya bata wa njano, anapumua kama anayepanda mteremko wa Munigi na gunia. Asubuhi ya kwanza nilimkuta ameweka viganja kwenye ukuta, anajipangusa uso, ile tayamamu ya mtu asiyeweza kugusa maji. Alipomaliza hakuswali. Alinionyesha kinywa chake kwa kidole.

"Mutoto yangu," alisema kwa shida, "jina ya Mungu haiwezi pita mu kinywa ya namna hii."

Hilo ndilo alilolitaka. Hakuuliza kama atapona. Aliuliza nani atamwosha kinywa ili aweze kusali.

Mke wake alikuwa getini. Alikuja kila asubuhi kutoka Birere kwa miguu, akiwa na kikombe chenye kifuniko, ndani yake mswaki mmoja wa kijiti aliouponda ncha kwa jiwe hadi nyuzi zikalainika, akaulowesha, akaufunga kwa kitambaa na uzi mwekundu. Mlinzi wa geti alikuwa na amri ya kunyunyizia javel, ile dawa ya klorini, kila kinachoingia. Siku ya kwanza akaunyunyizia na mswaki, na mama yule, mfupi, mpole, akageuka simba.

"Papa, mwaga javel yako ku sahani, mwaga ku thermos, mwaga hata ku mi mwenyewe! Lakini hii inaenda mu kinywa ya bwana yangu!"

Nilitoka, nikaupokea kwa glavu mpya, nikamwambia mlinzi aniachie mimi. Mama akanishika kwa macho, kwa sababu mikono ilikuwa imekatazwa.

"Kinywa yake naiacha kwako," alisema.

"Iko mu mikono yangu, mama."

Kinywa cha mtu aliye kwenye oksijeni si kazi ya haraka. Unamwinua kichwa, unaweka taulo chini ya kidevu. Unatoa barakoa ya oksijeni kwa pumzi chache, huku jicho moja likiwa kwenye kile kibanio cha kidoleni kinachoonyesha damu yake ina hewa kiasi gani. Unasugua shavu la ndani, ufizi, unarudisha barakoa, unangoja. Unatoa tena, sasa meno, kwa ule mswaki. Unarudisha. Mwisho ulimi, kwa kompresi, kipande cha shashi, iliyozungushwa kwenye kijiti, taratibu, usimfikie koo akakohoa usoni pako. Vazelini midomoni. Robo saa nzima, na uso wako uko pale pale ambapo kila mtu anakuambia usiuweke. Niliogopa kila siku. Muzee alijua, maana nilipoinama yeye alizuia pumzi yake hadi macho yakamtoka machozi, ili asinipumulie. Kisha akalala chali, akaanza kuswali kwa macho na midomo, na mimi nikaandika herufi zangu mbili kwenye mstari wangu.

Alikuwa anapata nafuu. Sisemi hivyo kujifariji, namba za kidoleni zilipanda na aliomba chai.

Halafu mlima ukatoka, ule wa moto ulio juu ya mji. Ilikuwa jioni, mbingu ikageuka nyekundu juu ya Munigi, na lava ikateremka hadi ukingo wa mji, ikasimama. Tulidhani imekwisha. Lakini ardhi ikaanza kutetemeka, mchana kutwa, siku baada ya siku, chupa zikigongana kabatini, nyufa zikifunguka katikati ya barabara. Asubuhi moja serikali ikatangaza redioni: mitaa kadhaa ihame mara moja, kuna moto chini ya miguu yetu. Mtaa wangu ulitajwa. Nilikuwa na watoto watatu nyumbani na mama yangu mwenye mguu mbovu. Nilikuwa kazini, na kompresi mkononi.

Rafiki yangu alikuwa ameingia zamu. Mtaa wake haukutajwa.

"Enda, ma chère," alisema. "Peleka batoto Sake. Mi niko nabaki."

"Na muzee?"

"Ntamufanyia. Asubui, midi, magaribi, vile uko nafanya. Enda!"

Nilimkumbatia, korona au si korona. Kisha nikamwinamia muzee, nikamwambia nawapeleka watoto, kesho nitarudi. Aliitikia kwa kichwa.

Sikurudi kesho. Barabara ya Sake ilikuwa imejaa mji mzima, magodoro, mbuzi, masufuria, mama yangu amekaa juu ya chukudu niliyokodi, rozari mkononi, analalamika kwamba ile baiskeli ya mbao itamvunja kiuno. Tulilala kwenye darasa la shule, watu wengi kiasi kwamba ukigeuka wote mnageuka. Maji yalikuwa machafu, mwanangu wa mwisho akaanza kuharisha. Siku moja ikawa mbili, ikawa wiki. Nilifaulu kumpigia rafiki yangu mara moja, kwa simu niliyoazima.

"Muzee iko muzuri," alisema. "Kinywa propre, safi kabisa. Shugulikia batoto."

Nililia kwa furaha. Nilimwambia mama yangu kwamba nina rafiki ambaye hata dada hafikii.

Siku ya nane niliwaacha watoto kwa mama, nikapata nafasi kwenye lori, nikafika getini asubuhi. Mke wa muzee alikuwa amekaa juu ya jiwe la lava, kikombe kimefunikwa mapajani. Birere nayo ilitajwa redioni, na watu wake wengi walikuwa wamevuka mpaka au wamekimbilia Sake, lakini yeye hakwenda popote.

"Ningeenda wapi, na muzee iko humu ndani?" alisema, akanipa mswaki wa siku hiyo. Hakuuliza nilikuwa wapi. Hilo lilinishangaza kidogo, lakini nilikuwa na haraka.

Harufu niliipata kabla ya kufika kitandani. Midomo ya muzee ilikuwa imegandamana na barakoa ya oksijeni. Nilipoivua kwa maji, polepole, ngozi ikaja nayo. Ulimi ulikuwa mweusi, mgumu kama gome, utando mweupe umeshika hadi kooni, ufizi unatoka damu bila kuguswa. Kifua kilikuwa kinakoroma, na mwili unachoma kwa homa. Chini ya kitanda, kwenye sanduku tupu la glavu, nilikuta miswaki saba. Yote imefungwa bado kwa kitambaa, na uzi mwekundu haujafunguliwa hata mmoja.

Nikaichukua fishi. Mstari wa kinywa ulikuwa umejaa. Asubuhi, mchana, jioni, siku zote saba, hakuna chumba kilichoachwa. Na kila alama ilikuwa na herufi mbili, na herufi zile zilikuwa zangu.

 Nilichemsha maji, nikakoroga bikaboneti, nikakaa. Nilianza kabla jua halijafika dirishani, nikamaliza adhana ya adhuhuri ikilia kutoka mjini. Utando haung'olewi, unaulowesha, unangoja, unainua kipande kidogo, unangoja tena. Namba zilishuka kila nilipotoa barakoa. Titulere alipita mara mbili, akanitazama, akaondoka. Mwishowe ulimi ukaonekana, mwekundu, umechubuka, lakini ulimi wa mtu. Nilimpaka vazelini. Nilimwambia, sasa unaweza, muzee, ni saa ya adhuhuri.

Alinigeukia. Alijaribu kumeza, kisha akasema, kwa sauti iliyokuwa haijatumika kwa siku nyingi:

"Ulisemaka utarudia kesho."

 Akafumba macho, midomo yake ikaanza kutembea, na nikajua anaswali, nami sikuwa na haki hata ya kukaa karibu.

Rafiki yangu nilimkuta mchana huo kwenye beseni za javel, pale tunapovulia makoti. Nilimwekea miswaki saba mbele ya miguu yake.  Alitazama ule uzi mwekundu.

"Niliogopa kile kinywa," alisema. "Nilikuwa na kashne moja ya kufunika pua, ya siku zote saba. Moja! Alikuwa anakohoa damu usoni."

"Ungeniambia."

"Na ungefanya nini, huko Sake?"

"Ungeacha vyumba vitupu, basi! Ungeacha fishi iseme ukweli!"

"Bitupu? Bangekuandikia abandon de poste, kwamba ulitoroka kazi. Titulere alikuwa nauliza kila asubui uko wapi. Nilimwambia uko, unakuya mapema, unatoka mapema, na mama ya ku geti nilimwambia vile vile. Nilikusainia ku registre ya kuingia, nilikusainia ku fishi. Kwani weye hukunisainiaka?"

"Nilikusainia kuchelewa," nilimwambia. "Sikukusainiaka kinywa ya mutu."

Alilia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira iliyokausha kila kitu. Wangapi watanielewa? Angeniibia, ningemsamehe. Angenisema vibaya kwa titulere, ningemsamehe. Lakini alichukua kile kitu kimoja nilichokichora kwa mkono wangu, akakijaza uongo, akaupa uongo jina langu, na yote hayo akayafanya kwa kunipenda. Alikuwa amenitunzia kazi yangu. Watoto wangu wamekula kwa ajili ya ule uongo.

Muzee alikufa kesho yake, mchana. Daktari aliandika mapafu. Hakuna aliyeniuliza na sikusema, kwa sababu sijui. Labda ni korona yenyewe, labda ni ule uchafu uliomteremka kifuani kwa siku saba, na hakuna mashine pale ya kunijibu. Alizikwa na watu wenye mavazi ya plastiki, mke wake akisimama mbali nyuma ya kamba. Hawakumruhusu amwoshe.

Baada ya arobaini mama alikuja pavilioni na kitenge, kizuri, cha wax, rangi ya zambarau, kutoka duka lao. Titulere ndiye aliyekuwa amemwonyesha fishi, siku mama alipokuja kuchukua kofia na tasbihi ya marehemu. Alinifunulia kitenge mbele ya wenzangu wote.

"Mutoto yangu, bote balikimbia, hata mulima ilitoka, weye ulibakia na muzee. Nilionaka jina yako. Mara tatu kila siku."

Rafiki yangu alikuwa amesimama dirishani. Hakuinua macho. Ningeweza kusema ukweli hapo, mbele ya wote. Nilipokea kitenge kwa mikono miwili, nikasema aksanti mama.

Yule rafiki aliondoka, akapata kazi kwingine. Hatukusalimiana tena. Nilimkuta mara moja tu, wakati wa vita, mji mdogo wa Kibumba ulipokimbia wote na watu wakajaa chini ya maturubai hadi Munigi. Nilitumwa huko kusaidia watoto wenye kuharisha, naye alikuwa hapo, anachota maji na kikombe cha plastiki akimnywesha bibi mmoja. Alimfuta midomo kwa ncha ya kitambaa, vizuri, bila haraka. Niligeuka nikapita upande mwingine. Waweza kuniita mgumu. Sikuwa na pa kumweka moyoni.

Vita vilipokaribia mji wenyewe, mizinga ikisikika hata sokoni, mke wa muzee aliletwa kwetu. Damu ilikuwa imempanda kichwani alipokuwa anafunga duka, upande mmoja wa mwili umelala, mdomo umeshuka. Alilazwa pavilioni ile ile, bata bado wako ukutani, ila sasa mmoja ana tundu la risasi. Binti yake ndiye alikuwa garde-malade, na siku ya tatu alitaka kukimbia hadi Birere kuwatazama watoto wake, akaogopa kumwacha. Mama akaninyooshea mkono ule mzima.

"Enda," alimwambia binti, maneno yakimponyoka pembeni. "Huyu hakimbiake."

Tulibaki wawili. Nilichemsha maji. Nilimwinua kichwa, nikaweka taulo, naye akafungua kinywa kwa utulivu, bila kunitazama mikono, kama mtu anayefungua mlango kwa ndugu. Upande uliolala ulikuwa umejaa mabaki ya uji. Nilisafisha taratibu, na nilikuwa nimeamua kumwambia ukweli. Nilipomaliza nilimwambia, mama, ile fishi ya muzee.

Alinikatiza. "Ile fishi," alisema, "hawakuniruhusu nimuoshe. Hiyo tu ndiyo niliona. Juu ya ile fishi ndiyo napataka usingizi."

Nikamfuta kidevu kwa taulo. Alinyang'anywa mume, akanyang'anywa kumwosha, na kilichobaki mkononi mwake ni herufi zangu mbili za uongo. Nimnyang'anye na hizo ili mimi nipumue?

Kombora likapiga upande wa Munigi, vioo vikalia. Wauguzi wawili walipita mlangoni wakiwa wamekwisha vaa mabegi mgongoni. Mama akageuza macho kwangu.

"Kesho utakuya?"

Nilikuwa na watoto watatu nyumbani, na mama yangu na mguu wake. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, lile lile nililompa muzee, na lilikuwa jepesi.

"Sijui, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Nikaandika herufi zangu kwenye chumba cha asubuhi peke yake, cha mchana na cha jioni nikaviacha vitupu, nikavuta kiti karibu na kitanda.